Wasichana Waliokatazwa Kufa

Jumamosi moja jioni, Februari 1993, watoto wa Japani waliketi mbele ya runinga kama kawaida yao na kutazama marafiki zao wakifa. Wasichana wanne wa shule, ambao walikuwa wamewafuata kila wiki kwa karibu mwaka mzima, walifika kwenye barafu ya Ncha ya Kaskazini kupigana na jeshi la Malkia Beryl. Hawakufa kwa kishindo kimoja. Walikwenda mmoja mmoja: Makoto kwanza, akafuata Ami, kisha Minako, mwisho Rei. Kila mmoja alijitoa ili waliobaki wasonge mbele. Wiki iliyofuata Usagi, kiongozi wao, yule msichana mwepesi wa kulia, mvivu wa vitabu, mpenda kula na kulala, alibaki peke yake. Akapigana, akashinda, naye akafa.

Hizo zilikuwa sehemu ya 45 na ya 46 ya Sailor Moon, katuni iliyotengenezwa na Toei Animation kutokana na hadithi za picha za Naoko Takeuchi. Sasa twende Amerika Kaskazini, mwaka 1995. Kampuni ya DiC imepata haki ya kuitoa katuni hiyo kwa Kiingereza, na waigizaji wa sauti wamekusanywa studioni Toronto. Picha ni zile zile: barafu ile ile, wasichana wale wale, mapambano yale yale, ila yamepunguzwa. Sehemu mbili zimekatwakatwa na kushonwa kuwa moja. Na katika hiyo moja, wale wasichana wanne hawafi. Wametekwa tu. Wanashikiliwa mahali fulani, na watarudi.

Swali ninalotaka kulishughulikia hapa si kama watu wa DiC walikuwa wabaya. Ni hili: mtu anapochukua hadithi ya mtoto na kuondoa kifo ndani yake, kwa nia ya kumlinda mtoto huyo, amemfanyia wema au amemwibia?

Najua kuna atakayesema, ah, hizi ni katuni tu, tuacheni tufikirie mambo ya maana. Lakini hebu tujiulize: mtoto wa miaka saba anakutana wapi na maswali makubwa kwa mara ya kwanza? Si kwenye kitabu cha falsafa. Anakutana nayo kwenye hadithi. Zamani ilikuwa ni sungura na fisi karibu na jiko la bibi; siku hizi ni runinga na simu ya mama. Ndani ya hadithi ndimo anamojifunza ujasiri ni nini, urafiki unadai nini, na kwamba kuna vitu ambavyo vikienda havirudi. Anayeshika mkasi wa hadithi hiyo ameshika jambo zito, hata kama mwenyewe anaona anapanga ratiba ya vipindi tu.

Tuanze kwa kuwatendea haki wenye mkasi. Kazi yao haikuanza na Sailor Moon. Mwaka 1963, mwaka ule ule Astro Boy ya Osamu Tezuka ilipoanza kuonyeshwa Japani, NBC iliichukua na Mmarekani Fred Ladd akaisimamia kwa Kiingereza. Kati ya sehemu 193 za Kijapani, 104 ndizo zilizoingia Kiingereza. Miaka kumi na mitano baadaye ikaja zamu ya Gatchaman. Kwa Kijapani ilikuwa na sehemu 105 za vita vikali. Marekani ilitoka mwaka 1978 kwa jina la Battle of the Planets, sehemu 85, na roboti mpya aitwaye 7-Zark-7 akachorwa na kupachikwa ndani kuziba mapengo yaliyoachwa na mkasi. Vita vilivyopiganwa duniani vikahamishiwa sayari nyingine. Mji ukilipuka, sauti ilimtuliza mtoto kwamba wakazi walikuwa wameshahamishwa.

Kwa hiyo DiC ilipopata Sailor Moon, njia ilikuwa imeshakanyagwa. Hata Fred Ladd mwenyewe alikuwepo kama mshauri. Vituo vya runinga vya Marekani vilipenda kipindi cha watoto kinachoweza kuonyeshwa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kumi na tatu, yaani sehemu 65. DiC ikatoa sehemu 65. Nyingine 17 zikaja baadaye, jumla 82 kutoka kwenye 89 za misimu miwili ya kwanza. Usagi akawa Serena, Mamoru akawa Darien, Makoto akawa Lita. Muziki mwingi ukabadilishwa. Mwishoni mwa kipindi kikaongezwa kipande kifupi cha fundisho, maana wazazi na wenye vituo walitaka kuona kwamba mtoto ameondoka na somo.

Na kuna hoja ya ulinzi, ambayo mimi siichezei. Japani Sailor Moon ilionyeshwa jioni, saa ambayo watu wa nyumbani wamesharudi. Marekani, vituo vingi viliipanga alfajiri, kabla ya shule. Fikiria basi mtoto wa miaka mitano, bado ana usingizi machoni, bakuli la nafaka mapajani, mama anatafuta soksi chumba cha pili. Huyo mtoto umwonyeshe rafiki zake wanne wakikata roho, halafu apande basi la shule? Nani atamjibu? Mwalimu? Dereva? Mtu anayesema “hapana, tulainishe kidogo” hajasema upuuzi.

Tena ana wenzake wakubwa. Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, anamfanya Sokrate apendekeze kufutwa kwa mistari ya Homeri inayoeleza kuzimu kwa namna ya kutisha. Sababu yake ni walinzi wa mji. Vijana wanaolelewa kuwa walinzi wakisikia kwamba baada ya kifo kuna giza na maombolezo matupu, wataogopa kufa, na mlinzi anayeogopa kufa kuliko kuwa mtumwa hafai kulinda kitu. Kwa hiyo tukate, anasema, si kwa sababu mashairi ni mabaya, bali kwa sababu ni matamu mno na yatawalegeza.

Ona jinsi mambo yanavyopinduka. Plato alikata kitisho cha kifo ili walinzi wawe tayari kufa. DiC ilikata kifo chenyewe, na waliokatiwa kifo walikuwa walinzi pia, kwani hawa wasichana kazi yao ni kuilinda dunia. Plato alitaka kifo kibaki ila kisitishe. Toleo la 1995 liliondoa kifo na kuacha kitisho: barafu, mazimwi, vilio, wasichana wakitoweka mmoja baada ya mwingine. Mtoto bado aliogopa. Kilichoondolewa ni sababu ya kuogopa.

Hapo ndipo hoja ya ulinzi inapoanza kunipwaya. Ngoja nieleze kwa mfano wa nyumbani.

Sisi wenyewe tunawadanganya watoto kuhusu kifo. Tusijifanye. Msiba ukitokea, watoto wanapelekwa kwa jirani. Wakiuliza, wanaambiwa babu amesafiri, au amelala, au amekwenda kwa Mungu na atarudi tukimaliza kusali. Mtu akiwaita wazazi hao waongo tutamshangaa. Immanuel Kant asingeshangaa. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Mimi siwezi kwenda na Kant hadi huko. Naona uongo wa “babu amesafiri” una kitu ambacho uongo mwingi hauna: una mwenyewe. Mama aliyeusema yupo. Mtoto akirudi baada ya mwezi na kuuliza, “Mbona babu haji?”, kuna mtu wa kumwuliza, na mtu huyo anajua siku itafika ya kulipa deni. Uongo wake ni kama mkopo. Anaazima muda mpaka mtoto apate nguvu.

Lakini uongo wa studio hauna wa kuulizwa. Hakuna siku ambayo kampuni itarudi kwa mtoto, akiwa na miaka kumi na miwili, na kumwambia, “Sasa umekua, kaa tukueleze yaliyowapata marafiki zako kule kwenye barafu.” Mkopo umechukuliwa na mkopaji amehama. Kwangu hili ndilo kosa la kwanza, na halihusu ukubwa wa uongo. Ni kusema uongo wa mzazi bila kubeba mzigo wa mzazi.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo liko ndani ya hadithi yenyewe. Wengi wanaotetea mkasi wanazungumza kana kwamba sehemu ya 45 ilimwacha mtoto wa Kijapani gizani. Haikumwacha. Mwishoni mwa sehemu ya 46, Usagi anapokata roho, anatamani kitu kidogo sana: kuishi maisha ya kawaida tena. Tamaa hiyo inajibiwa. Anaamka kitandani, amechelewa shule kama kawaida. Marafiki zake wako hai. Bei yake ni kwamba hakuna anayekumbuka chochote, hata kwamba waliwahi kuwa marafiki. Wanapishana njiani kama wageni.

Tazama basi alichopewa mtoto yule. Amepewa jeraha na amepewa dawa, kwa mpangilio wake. Ameona kwamba urafiki wa kweli unaweza kukugharimu kila kitu. Ameona msichana asiye shujaa, anayelia kwa kila jambo, akiinuka baada ya kupoteza wote. Na ameona kwamba faraja inawezekana, ila si ya bure. Ukisema wasichana walitekwa tu, dawa inakuwa haina kazi. Usagi anatamani nini sasa? Anaomboleza nani? Ujasiri wa Makoto ni ujasiri gani, kama alichohatarisha ni kufungiwa kwa muda? Waliomkinga mtoto na jeraha walimnyang'anya na tiba, na tiba hiyo angeihitaji siku babu asiporudi kweli. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikificha kifo chenyewe, mtu atakutana nacho bila hata jina la kukiita.

Kuna uongo mwingine katika safari hii ya Sailor Moon, na huo ni wa aina tofauti, kwa hiyo nautenga. Katika msimu wa kwanza kuna adui wawili wanaume, Zoisite na Kunzite, wanaopendana. Kwa Kiingereza cha 1995, Zoisite alipewa sauti ya kike na akawa mwanamke. Mwaka 2000, msimu wa tatu ulipotolewa kwa Kiingereza chini ya Cloverway, wakaingia Haruka na Michiru, wanawake wawili ambao kwa Kijapani ni wapenzi, wala hawajifichi sana. Kwa Kiingereza wakawa Amara na Michelle. Na wakawa mabinamu.

Mabinamu! Sauti ilisema hivyo, lakini picha haikubadilika. Wale wawili waliendelea kushikana mikono, kuangaliana kwa yale macho, kutaniana kwa namna ambayo hakuna binamu anayemtania binamu yake. Macho hayana pazia. Mtoto aliyekuwa akitazama alikuwa na njia mbili tu: kuamini masikio yake na kuona mabinamu wa ajabu sana, au kuamini macho yake na kujua kwamba watu wazima wanamdanganya. Waliotaka kuficha jambo moja wakaishia kupendekeza jingine ambalo wao wenyewe wangeliona baya zaidi. Njia ya mwongo ni fupi kweli. Safari hii haikupita hata kona ya kwanza.

Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mapenzi ya aina hiyo, na katika Kenya hii misimamo tunayo, tena mikali. Kwa ajili ya hoja yangu sihitaji kumbadilisha. Nataka tulinganishe namna mbili za kukataa. Aprili 2018, Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Kila mtu alijua. Magazeti yaliandika, watu wakagombana, mwongozaji akaenda mahakamani, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaruhusu filamu ionyeshwe kwa siku saba. Kumbi za Nairobi zikajaa. Sisemi marufuku ilikuwa sawa. Nasema ilikuwa na uso. Aliyenyimwa alijua amenyimwa nini na nani, na kwa hiyo aliweza kudai.

Sasa jiulize: kama bodi ingeiruhusu Rafiki, halafu kimyakimya ikabadilisha maneno ili wale wasichana wawe ndugu, nani angekwenda mahakamani? Angedai nini? Angesema nimenyimwa kitu ambacho sijui kama kipo? Marufuku humwacha mtu na njaa. Uongo humwacha na shibe ya uongo, na mwenye shibe hadai chakula. Kwa sababu hiyo naona kubadilisha kwa siri ni jambo zito kuliko kukataza wazi, ingawa kwa juu kunaonekana kupole zaidi.

Hapa najua pingamizi linakuja, na ni zuri. Kwani tafsiri yoyote si mabadiliko? Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969, aliita Mabepari wa Venisi. Neno “mabepari” miaka miwili baada ya Azimio la Arusha si neno lililookotwa tu njiani. Amemsukuma Shakespeare kuelekea upande wake. Je, naye ni mwongo? Na DJ Afro je? Yule bwana amesimulia filamu za Wamarekani na Wachina kwa Kiswahili na Sheng, zikachezwa vibandani kote nchini, na ndani yake akatia utani, majina na mambo ya mitaani ambayo mwongozaji wa filamu hakuyaota. Kama kila badiliko ni wizi, basi huyo ni jambazi sugu.

Lakini hakuna anayetoka kibandani akiamini kwamba shujaa wa Hong Kong anajua habari za matatu za Nairobi. Sauti ya DJ Afro inasikika juu ya filamu, haijifichi chini yake. Unajua kabisa kwamba unasikiliza watu wawili kwa pamoja, aliyetengeneza na anayesimulia, na raha yenyewe iko hapo katikati. Nyerere naye ameandika jina lake kwenye jalada. Ukitaka kugombana naye kuhusu “mabepari”, unajua wa kugombana naye. Mkono unaonekana.

Tena hata Japani kwenyewe mambo hayakuwa safi kama waumini wa “toleo la asili” wanavyopenda kusema. Wale wageni wa msimu wa tano waitwao Starlights, kwa Takeuchi ni wanawake wanaovaa kiume; katika katuni ya Toei ni wanaume wanaogeuka wanawake wanapobadilika kuwa wapiganaji. Si tofauti ndogo hiyo. Asili ya asili nayo ina mkono wa mtu. Kwa hiyo siwezi kujenga hoja yangu juu ya usafi wa asili, kwa sababu ukiifukua asili mara nyingi unakuta tafsiri nyingine chini yake.

Basi naijenga juu ya kitu kingine. Anayehamisha hadithi kutoka lugha moja hadi nyingine ana uhuru mkubwa, ila uhuru huo una masharti mawili. La kwanza, anayepokea aweze kujua kwamba kuna mkono uliopita. La pili, mkono huo usiseme kinyume cha kile ambacho hadithi inakiegemea. Sharti la pili ndilo gumu. Jina la Usagi linaweza kuwa Serena na paa la nyumba halitaanguka. Muziki unaweza kubadilika. Utani unaweza kuwa wa Toronto badala ya Tokyo. Lakini kifo cha wale wanne ni nguzo. Ukitoa nguzo hujatafsiri nyumba. Umejenga nyingine kwa matofali ya mwenzako na kuiwekea anwani yake.

Kuna atakayeniambia mtoto wa miaka sita hasomi maandishi yanayosema “kipindi hiki kimehaririwa”. Ni kweli. Hata hivyo mtoto ana mtu mzima karibu yake, na mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja. Kuacha alama hakumwokoi asubuhi ile ya 1995. Kunamwachia mlango. Ukiambiwa wazi kwamba sehemu mbili zimefanywa moja, kwamba jambo fulani limelainishwa kwa ajili ya umri, basi akifika kumi na tano anajua pa kubisha hodi. Bila alama hakuna mlango, ni ukuta uliopakwa rangi vizuri.

Mwaka 2014 Viz Media ilitangaza kwamba italeta Sailor Moon upya kwa Kiingereza, bila kukatwa, na sauti mpya. Usagi akawa Usagi tena. Wasichana wakafa kwenye barafu. Zoisite akarudi kuwa mwanaume, Haruka na Michiru wakaacha kuwa mabinamu, na msimu wa tano, ambao haukuwahi kutoka kwa Kiingereza, ukapata sauti hatimaye. Deni lililipwa, karibu miaka ishirini baadaye, na mtu ambaye hakulikopa.

Je, waliokulia kwa Serena walipenda kitu cha uongo? Swali hili linawauma watu, na nadhani linajibiwa vibaya mara nyingi. Wapo wanaosema lile toleo la kwanza litupwe, ni aibu. Mimi naona sivyo. Msichana wa Ohio aliyeamka gizani kumtazama Serena, akajifunza kwamba mtu mwoga anaweza kusimama, alijifunza kitu cha kweli. Waigizaji wa Toronto walifanya kazi yao kwa moyo. Bila wao, pengine asingejua kuna Usagi wa kutafutwa. Zawadi ilikuwa ya kweli. Aliyeileta ndiye alisema uongo kuhusu kilichokuwemo ndani ya kifurushi. Mpokeaji ana haki ya mambo mawili kwa pamoja: kushukuru na kudai. Tusimlazimishe achague. Na kwa sababu hiyo toleo la 1995 lihifadhiwe, likae rafu moja na la 2014, likiwa na jina lake halisi: hivi ndivyo watu wazima wa wakati ule walivyowaogopea watoto wao.

Mbona nahangaika na jambo hili mimi ninayeandika kwa Kiswahili? Kwa sababu kiti cha studio sasa ni chetu pia. Mwaka 2011 Watanzania walimtazama Doudou na mama wakwe zake, tamthilia ya Kichina, wakizungumza Kiswahili kwenye TBC. Baada ya hapo zimekuja za Kituruki, za Kihindi, za Kifilipino. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanalipwa kutia sauti. Haitachukua muda mrefu kabla mtu kuwekewa mezani katuni ambayo ndani yake mtoto anafiwa, au anaona jambo ambalo jirani zetu hawataki kulisikia, na meneja atasema, “Hapo lainisha kidogo, ni watoto.”

Huyo kijana mwenye vidude vya sauti masikioni atafanya nini? Kodi inamsubiri, siwezi kumwambia aache kazi. Lakini naweza kumwomba mambo ambayo hayagharimu shilingi nyingi. Akate kama ni lazima akate, lakini asiseme “wametekwa” mahali picha inasema wamekufa. Bora ukimya kuliko neno la uongo. Mtoto akiuona ukimya atauliza, na mtu wa nyumbani atalazimika kujibu. Kisha aandike mwishoni, kwa Kiswahili chepesi, ni nini kimeondolewa na nani ameamua kiondolewe. Mstari mmoja unatosha. Utakaa pale, watoto wengi hawatausoma, na siku moja mmoja wao atausoma na kwenda kutafuta wale wasichana kwenye barafu.